Jicho la Fundi, Diski ya Mtu

Mtu anayeingia kwa fundi na kompyuta mpakato iliyokufa mara nyingi husema maneno yaleyale kabla hata hajapewa kiti: mashine nimeisamehe, nitolee vitu vyangu. Nimeyasikia kwa mwanafunzi wa uzamili aliyebakiza sura moja ya tasnifu. Nimeyasikia kwa mama mweka hazina wa kikoba, aliyekuwa na hesabu za akiba za wanawake wa mtaa mzima, na kwa kijana aliyekuwa na video pekee ya harusi ya dada yake. Mashine iliyonunuliwa kwa kujinyima inakuwa si kitu tena. Kinachotakiwa hakishikiki, hakina uzito, na hakuna duka, liwe la Kariakoo au la Luthuli Avenue kule Nairobi, linaloweza kukuuzia kingine.

Rafiki yangu wa siku nyingi ana kibanda cha ufundi Kariakoo, na nimekaa sana pembeni ya meza yake. Kukaa huko kumenifanya niiheshimu kazi ya kuokoa data kuliko kazi nyingi zenye vyeo. Watu huisifu kwa ujanja wake, na kweli ina ujanja. Lakini kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ni kazi ya kujizuia. Fundi mzuri hujulikana kwa yale ambayo mkono wake haukuyagusa, na zaidi kwa yale ambayo jicho lake halikuyatazama.

Nianze na mkono. Mara nyingi kilichokufa si diski. Kioo kimepasuka, chai imemwagikia kibodi, umeme umerudi kwa kishindo baada ya kukatika na kuunguza ubao mama, na diski iko salama ndani ya kasha lake. Kwa mashine za miaka ya nyuma kidogo, fundi hufungua skrubu chache, anaichomoa diski ya inchi 2.5, anaichomeka kwenye kifaa kidogo chenye waya wa USB, na baada ya dakika chache folda zote zinaonekana kwenye kompyuta nyingine. Nimeona watu wazima wakitokwa na machozi hapo, na wengine wakimkumbatia fundi ambaye hakufanya zaidi ya kushika bisibisi.

Ugumu huanza diski yenyewe inapougua. Diski ya kuzunguka ina sahani za kioo au alumini zilizopakwa utando wa sumaku. Kwenye mpakato nyingi sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa cha kusomea, kikishikiliwa na hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, na nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani ni nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa kipimo hicho chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho ni jabali lililoangushwa barabarani. Ndiyo maana diski hufunguliwa kwenye chumba maalumu chenye hewa iliyochujwa, na fundi anayeifungua mezani huku feni inazunguka juu yake amekwisha kuamua hatima ya vitu vya mteja, ajue au asijue.

Mwaka 1956 IBM walipotoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya namna hii, ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu ya leo ingeweza kuijaza. Tangu wakati huo tumeongeza kinachobebwa maelfu kwa maelfu, na tumekitia kwenye kitu kinachoenea mfukoni. Maisha ya mtu ya miaka kumi yanaweza kuanguka kutoka kwenye kiti cha daladala mara moja tu.

Kichwa kikiharibika, diski hutoa mlio: tak, tak, tak. Ni mkono wa kichwa unaotafuta alama za njia yake, unazikosa, unarudi mwanzo, unajaribu tena. Mwenye mashine akisikia mlio ule hufanya lile ambalo hofu inamwambia. Anazima, anawasha. Anaitikisa kidogo, anawasha tena. Anasikia kwamba kuna mtu aliiweka ya kwake kwenye friji ikapona, naye anaiweka kwenye friji, na ikitoka humo sahani zinapata umande. Kila inapozunguka, kichwa kilichopinda huenda kinakwangua utando, na utando ule ndiyo tasnifu yenyewe, ndiyo harusi yenyewe, inageuka vumbi ndani ya kasha. Ushauri wa kwanza wa fundi yeyote anayejiheshimu ni neno fupi: zima, usiwashe tena. Ni ushauri wa bure, na ni mgumu kuufuata kuliko wowote wa kulipia, kwa sababu unamtaka mtu mwenye uchungu akae bila kufanya kitu.

Hata diski isiyo na kidonda inadai utulivu huohuo. Unapofuta faili kwenye diski ya kuzunguka, mfumo haufuti maandishi. Unaiondoa faili kwenye orodha na kuitangaza nafasi yake kuwa wazi. Maandishi yanabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo kati ya kufuta na kupoteza kuna muda, na muda huo ni wa mwenye mali kama atatulia. Wengi hawatulii. Wanapakua programu ya kuokoa na kuiweka kwenye diski ileile, na programu inakalia nafasi ya kile kilichotakiwa kuokolewa. Au wanaipeleka mashine kwa jirani anayejua kupiga Windows, na jirani, kwa moyo mwema kabisa, anapiga Windows.

Anayeijua kazi huenda pole pole. Haandiki chochote kwenye diski mgonjwa. Anaiunganisha kwa kusoma tu, anainakili yote, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nyingine yenye afya, na tangu hapo anaifanyia kazi nakala. Ile ya asili inalazwa kando. Programu ya ddrescue, ambayo ni ya bure, ina utaratibu ninaoupenda sana. Inachukua kwanza sehemu zinazosomeka bila taabu. Ikifika penye jeraha haing'ang'anii. Inaandika kwenye daftari lake kwamba hapa pana jeraha, kisha inaruka na kusonga mbele. Ikimaliza penye uzima ndipo inarudi kwenye majeraha, kidogo kidogo, ikianzia kingoni. Diski ikifia njiani, walau kilichokuwa rahisi kupatikana kimeshapatikana. Mwenye pupa angekwama kwenye jeraha la kwanza mpaka diski nzima imfie mkononi. Kazi hii inaweza kuchukua usiku kucha, na wakati mwingine siku kadhaa, na kwa muda wote huo msaada mkubwa wa fundi ni kuiacha.

Orodha ya faili ikiwa imeharibika kabisa, kuna programu kama PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, inayoipitia diski yote ikitafuta alama za mwanzo za kila aina ya faili. Picha za JPEG, kwa mfano, huanza daima na baiti zilezile, FF D8 FF. Picha zinarudi, lakini zinarudi bila majina wala folda, maelfu yake zikiwa na namba tupu, Eid ya mwaka huu ikifuatana na msiba wa miaka sita iliyopita. Nimemwona mama mmoja akipokea picha za hivyo. Hakusema zimevurugika. Aliketi kwenye benchi akazipitia moja moja, akizitaja kwa sauti: huyu marehemu kaka, hapa tuko Tanga, huyu sijui nani, huyu mjukuu siku ya kwanza ya shule. Fundi akamwambia, "Mama, utazipanga nyumbani." Akajibu kwamba kuzipanga ndiyo raha yenyewe.

Diski zisizozunguka, zile za SSD, zimekuja na ukali mwingine. Hazilii zikiugua, jana zilikuwepo, leo kompyuta haizioni. Ukifuta faili humo, mfumo huijulisha diski kwa amri iitwayo TRIM kwamba nafasi ile haihitajiki, na diski hujisafisha yenyewe, hivyo ule muda wa huruma nilioutaja mara nyingi haupo. Kwenye mashine nyingi nyembamba chipu za kuhifadhia zimechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama, na data zimefungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya mashine hiyohiyo. Windows nayo, ikiwa imefungwa kwa BitLocker, hudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiye nao hana pa kuingilia hata diski iwe nzima. Hapo fundi anabaki na neno moja la kusema, na si jepesi kulisema kwa mtu aliyepanda mabasi mawili kumfuata: haiwezekani. Wapo wanaolikwepa. Wanachukua malipo ya awali, wanaikalisha mashine wiki tatu, wanasema bado tunaifanyia kazi, na matumaini ya mteja yanageuka kitega uchumi. Nawaheshimu wanaolisema siku ileile, kabla ya kupokea hata shilingi. Ulimi nao una kujizuia kwake.

Na yapo yaliyoonekana hayawezekani yakawezekana. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Columbia kilivunjika juu ya Texas kikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Katika mabaki yaliyookotwa baadaye ilikuwemo diski ya jaribio la kisayansi lililohusu gesi ya zenoni na unato wake. Ilikuwa imeungua, plastiki yake imeyeyuka, vumbi limeingia. Wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack waliisafisha na kuokoa karibu asilimia 99 ya data zake. Sahani hazikuwa zimepinda, na mfumo wa DOS uliotumika humo ulikuwa umeandika kwa mfuatano bila kutawanya. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008. Hakuna mzazi wala mtoto aliyerudishiwa mtu wake kwa sababu ya diski ile. Lakini watu saba walikuwa wamekwenda juu kufanya kazi, na kulikuwa na wengine huku chini walioona kwamba kazi ile isiishie njiani pamoja nao. Nikilisoma tukio hili kila mara nasimama hapo, kwenye uamuzi wa kujaribu.

Sasa jicho, na hapa ndipo moyo wangu ulipo hasa.

Ili kuokoa vitu vya mtu, lazima uvishike. Mteja huja na ombi la tasnifu, lakini diski haijui kutoa tasnifu peke yake. Pamoja nayo zinatoka picha alizompigia mumewe, majibu ya vipimo vya hospitali, barua ya kuomba kazi ambayo ofisi yake haina habari nayo, mazungumzo na dada yake kuhusu mume wa dada. Mwanzoni mwa mwaka 2008 Hong Kong nzima ilishtuka picha za faragha za mwigizaji mmoja mashuhuri zilipoenea mtandaoni. Zilitoka kwenye kompyuta yake aliyoipeleka kutengenezwa, na mwaka uliofuata fundi mmoja alifungwa zaidi ya miezi 8 kwa kosa hilo. Wanawake waliokuwemo kwenye picha zile hawakuwa wamempelekea fundi kitu chochote. Hawakuijua hata meza yake. Wao ndio walioaibishwa hadharani, na hukumu ya mahakama haikuwa na njia ya kuzirudisha picha zilikotoka. Fundi hudhani ana mteja mmoja mbele yake, kumbe ndani ya diski kuna ukoo mzima, marafiki, wafanyakazi wenza, watoto.

Kwetu kuna kazi nyingine ambayo mtu hukabidhiwa mwenzake akiwa hana uwezo wa kujisitiri, nayo ni kuosha maiti. Mwosha mzuri hufanya kazi yake nguo ikiwa imefunika, mkono wake ukipita chini ya shuka bila jicho kuufuata. Huona kovu ambalo hata watoto wa marehemu hawakulijua, na akitoka chumbani husema tu kwamba tumemaliza. Hakuna anayemhoji, wala hakuna anayemsimamia. Amechaguliwa kwa sababu watu wa mtaa wanajua hatasimulia. Waliosema mwosha huoshwa walijua kwamba siku itafika naye atalala palepale. Sioni kipimo bora cha fundi wa data kuliko huyu.

Lakini tazama mambo yalivyo kwenye vibanda vyetu. Mteja anaacha mashine. Jina lake na namba ya simu vinaandikwa kwenye kipande cha karatasi kinachobandikwa juu ya mashine kwa selotepu, na chini yake, kwa kalamu ileile, inaandikwa nywila. Mashine inakaa kwenye rundo. Kijana anayejifunza kazi anaisoma, jirani wa kibanda cha chaja anaisoma, na mara nyingi ni nywila hiyohiyo inayofungua barua pepe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni sheria zilizohitajika na nimefurahi kwamba zipo. Ila sheria humfikia mtu baada ya madhara kujulikana, na aliyetazama tu, akacheka peke yake, akafunga, hakuna atakayemjua. Madhara yake yamo ndani yake mwenyewe: kesho mteja akija, fundi yule anamwangalia kama mtu aliyekwisha kumvua.

Hoja ninayoisikia zaidi ni hii: lazima nifungue, nitajuaje kama faili zimepona? Inaonekana ni hoja ya uangalifu wa kazi, na wengine huisema kwa nia safi. Rafiki yangu ana jibu lake la vitendo. Anahesabu faili na ukubwa wake, anaiacha programu ikague kama picha zimekamilika, kisha anamwita mwenyewe. "Dada, chagua moja uifungue wewe." Anakigeuza kioo kimwelekee mteja, na yeye anashughulika na waya. Mteja akisema ziko sawa, ziko sawa. Kazi ikiisha na mteja akikaa siku chache bila malalamiko, anaitwa tena, na ile nakala iliyobaki kibandani inafutwa yeye akiwa anaona. Wateja wengi huona ni usumbufu. Wanasema, "Kaka, nakuamini, futa tu." Anawaambia waje.

Lipo lisilositiriwa. Fundi akikumbana, bila kutafuta, na ushahidi kwamba mtoto anaumizwa, kunyamaza kunamlinda mwumizaji na kumwacha mtoto peke yake. Hapo aache kazi palepale, asinakili, asimwonyeshe mwenzake, aende polisi. Nalitaja kwa ufupi kwa sababu sioni pa kubishana. Ila sikubali litumike kuwa leseni ya kupekua kila diski eti huenda humo mna uhalifu.

Mashine za marehemu ndizo zinazonisumbua. Familia huja baada ya arobaini, mtoto mkubwa akiwa mbele. Wanataka picha, wanataka nakala ya hati ya kiwanja, wanataka kujua baba alikuwa anamdai nani na nani alikuwa anamdai. Mengine katika hayo ni haki yao na mengine ni wajibu wao, maana deni la marehemu hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Lakini kompyuta ya mtu haina ukuta kati ya hati ya kiwanja na barua aliyoiandika usiku asiitume. Fundi akiokoa, ameokoa vyote.

Tumebishana sana juu ya hili, mimi na rafiki yangu. Yeye husema mali ya marehemu ni ya warithi, na fundi ni nani hata awachagulie. Akianza leo kuficha barua kwa huruma, kesho ataficha hati kwa rushwa, na hakuna atakayejua tofauti. Nakiri ni hoja nzito. Mimi husema warithi wanarithi nyumba na shamba, na wanarithi madeni, lakini yapo ambayo mtu aliyaweka kwa ajili ya nafsi yake peke yake, na kifo hakikuyageuza kuwa ya wote. Mjane aliyekuja kutafuta picha ya ndoa hakuja kusomewa miaka aliyoishi bila kujua. Tulipofikia ni hapa: familia iulizwe kwanza inatafuta nini, iandike, na ipewe hicho kwenye flashi. Nakala kamili ya diski irudishwe kwao ikiwa imefungwa kwenye bahasha, pamoja na maelezo kwamba humo mna kila kitu, na wao wenyewe waamue kama wataifungua na nani awepo. Fundi asiwapangie barua za baba yao juu ya meza. Bado sijatulia. Bahasha ile inaweza kufunguliwa siku yoyote na mtoto wa mwisho, akiwa peke yake, na hakuna atakayekuwepo wa kumwambia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa baba mzuri na bado akawa na barua kama ile.

Kuhusu kuweka nakala mapema sina mengi, kwa sababu kila mtu anajua na wachache hufanya. Hifadhi ya mtandaoni inakula bando, diski ya pili ina bei, na mwezi una siku nyingi. Simlaumu mtu anayepoteza vyake. Aliyeshika vya wengine ni jambo tofauti. Mweka hazina wa kikoba, mwalimu mwenye alama za darasa, katibu wa msikiti au wa kanisa, mpigapicha wa harusi: hao hawana haki ya kubaki na nakala moja, kama vile karani wa zamani asivyokuwa na haki ya kuliacha daftari la kijiji kwenye mvua.

Kuna watu wengine wanaohusika na kibanda cha rafiki yangu ingawa hawajawahi kukikanyaga. Mashine nyingi tunazonunua zimetumika Ulaya, Marekani au Ghuba kabla ya kutufikia. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokikuta kwenye diski 158 zilizotumika walizozinunua. Zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Humo mlikuwa na namba za kadi za malipo zaidi ya 5,000, na taarifa za matibabu za watu. Mwaka 2009 kipindi cha Frontline cha televisheni ya umma ya Marekani kilionyesha wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walionunua diski sokoni Ghana na kukuta nyaraka za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni inayoitengenezea silaha serikali ya Marekani. Ikiwa kampuni ya namna hiyo siri zake zinaweza kufika sokoni kwenye rundo la mitumba, mwalimu wa shule ya msingi wa Rotterdam atajikinga na nini? Wengi wa waliozimiliki diski za namna hiyo walidhani kufomati ni kufuta.

Rafiki yangu hununua mashine hizo kwa mafungu. Kabla ya kuziweka dukani anaandika sifuri juu ya diski nzima, toka mwanzo hadi mwisho. Kwa diski za kuzunguka za siku hizi kuandika mara moja kunatosha, ingawa kwa ile ya gigabaiti 500 ni kazi ya saa kadhaa na meza inakuwa imeshikwa. Vijana wake wamewahi kumwomba waangalie kwanza, pengine kuna filamu au programu za maana. Hakubali. Mimi nilimpinga kwa sababu nyingine. Nilimwuliza, je, kama humo mna picha za familia ambazo mtu huko aliko anazililia, alidhani zimepotea na mashine yake iliyoibwa?

"Ili nijue kama anazililia, itabidi nizitazame," alinijibu.

Nilimwambia kwamba wakati mwingine jibu liko nje ya mashine, kwenye kibandiko cha shule au cha hospitali ambacho hakuna aliyekibandua. Hilo alilikubali, akalifanyia kazi. Siku hizi mashine yenye kibandiko cha namna hiyo inawekwa kando, na wenyewe wanaandikiwa barua pepe: mashine yenu iko Dar es Salaam, diski yake haijafunguliwa, mnataka ifanywe nini. Wanaojibu ni wachache, na karibu wote huomba ifutwe. Wasiojibu wanasubiriwa mwezi mmoja, kisha diski yao inaandikwa sifuri pamoja na nyingine.